Kengele Iliyonyamazishwa Siku ya Funga ya Kwanza ya Khaula

Tetuan,
29 Ramadhani 1445

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, na sala na amani zimfikie Mtume wake.

Mpendwa mwanangu Idrisi,

Amani ya Mola iwe juu yako huko Ubelgiji. Natumai u mzima, na kwamba mgongo haukusumbui tena kazini. Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Wa moyo, utaona mwenyewe.

Kengele uliyomletea binti yako Khaula ilikuwa inamfaa. Daktari alitueleza kwamba kifaa hicho hubanwa kwenye nguo ya kulalia. Tone la kwanza la mkojo likikigusa hulia, mtoto akaamka kwenda msalani, na baada ya miezi mwili wenyewe hujifunza. Alitutaka tusimkaripie wala tusimnyime maji. Kwa kuwa usingizi wake ni mzito, kila kilipolia nilikwenda kumwamsha mwenyewe. Kabla ya Ramadhani alikuwa ameanza kuamka bila mimi, na mara nyingi shuka ilikutwa kavu.

Ikafika funga yake ya kwanza. Wanawake wakamvika kaftani na taji kama bibi harusi, akafuturu kwa maziwa na tende akiwa juu ya ngazi, kama tulivyofanyiwa sote. Wageni walilala kwetu, naye akapewa heshima ya kulala katikati yao, kaftani ikiwa bado mwilini. Shangazi yako Batula akatoa betri za kifaa kwa siri. Khaula alipouliza mbona taa ya kifaa haiwaki, akamwambia, "Kimepumzika, mwanangu. Umeshapona."

Mtoto akaamini. Walipoamka kula daku, godoro lilikuwa limelowa, na kaftani vilevile. Binti yake Batula akacheka: "Jamani, bibi harusi ameshaoga, sisi bado."

Nilimuuliza Batula sababu.

"Kaka, ulitaka king'ora kile kiwaamshe wakwe zangu? Kesho mji mzima unajua. Nani atamposa?"

"Ana miaka minane, Batula."

"Na watu hawasahau, kaka."

Hadi leo hajamtaka radhi. Anasali tarawehe safu ya mbele, wala haoni kwamba amemdhulumu mtoto asiye na mama.

Nimezirudisha betri, nikakiliza kifaa mbele ya Khaula ili asikie. Hakukitazama. "Kinadanganya, babu," akasema. "Si kilinyamaza kama vile nimepona?" Godoro hataki tena. Analala juu ya mkeka, kwenye vigae vya sakafu, ili, kama anavyosema, pawe rahisi kupangusa.

Mwanangu, usitume kifaa kingine wala nguo za Idi. Njoo. Neno langu halimtoshi tena, kwa kuwa nyumba iliyomdanganya ni yangu. Umfungie kengele kwa mkono wako, na ikilia, uso wa kwanza atakaouona uwe wako.

Mama yako anakusalimu, na kaka yako Anasi na watoto wake. Batula naye ametuma salamu; nazifikisha kwa kuwa ni amana.

Mwenyezi Mungu akulinde, aitie baraka riziki yako na utulivu nyumba yako, na akufikishe kwa mwanao kabla hajaizoea sakafu.

Wako akupendaye,
Baba yako, Mfaddal