Shikamoo Niliyokufundisha

Bosi wangu, mwanafunzi wangu,

Ijumaa iliyopita walikufanyia ibada ya kukukumbuka kanisani Mesaimeer, hapa Doha. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Wakakusifu: mtoto wa mtia makaa wa treni za Uskoti, aliyehamia Doha, akawa mkubwa wa benki, akatafutia reli fedha hadi ikafika kwetu Tanzania. Halafu eti Kiswahili ulijifunza mwenyewe. Mwenyewe! Na dereva wako wa miaka saba alikuwa nani?

Kila asubuhi, kwenye foleni ya West Bay, uliniuliza, "Leo neno gani, mwalimu?" Siku moja nilikueleza kwamba mdogo humwamkia mkubwa shikamoo. Ukauliza, "Na mkubwa akimwamkia mdogo?"

Nilicheka. "Huyo anatafuta kitu, bosi."

Ukaandika kwenye kijidaftari chako.

Ulinisimulia pia habari za bibi wa bibi yako, aliyefukuzwa shambani ili mwenye ardhi afuge kondoo. Nikakupa pole, na hiyo pole nayo ukaiandika. Nami nikakuonyesha picha ya mama mlangoni kwake, nikakutajia kijiji. Kwa hiyo usiseme hukujua.

Ulipokwenda kukagua njia ya reli, mama alinipigia simu amefurahi kama bibi harusi. "Mwanangu, mzungu mzima, kichwa chote mvi, kaniamkia shikamoo! Marahaba ikanitoka tu. Mtu mwenye adabu vile ningemkataliaje?" Hakukataa. Aliweka dole gumba kwenye karatasi zako za kuachia ardhi, shamba lote likaenda, pamoja na kaburi la baba. Leo tuta la reli limemlalia.

Ukarudi Doha, ukaingia garini. "Leo neno gani, mwalimu?"

Nikakufundisha. Kibarua changu kilikuwa mkononi mwako, nami nina watoto shuleni. Hilo linaniuma kuliko reli yenyewe, na sikusamehe kwa kunifanya nijichukie.

Mama sasa anaishi kwa dada yangu, chumba cha uani. Kila nikipiga simu ananiuliza, "Yule mzungu wa adabu hajambo?" Hajui nani alikufundisha hiyo adabu. Wala sijamwambia kwamba umekufa. Akijua atakulilia, nami sitaki akulilie.

Lala huko ulikolala. Shikamoo yangu hupati.

Mwalimu wako