Mwanangu Alisema Aliteleza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama umenizidi umri basi shikamoo, maana sijui naongea na nani na labda ndiyo sababu nimethubutu kuandika. Mimi ni mwashi, nina miaka arobaini na miwili, kazini wananiita Chuma, na mwaka jana ukuta wa jengo tulilokuwa tunajenga uliniangukia, nikalala kifudifudi chini ya kifusi tangu saa nne asubuhi hadi alasiri, vumbi la saruji mdomoni, nawasikia wenzangu wanachimba kwa mikono na mimi siwezi kusogeza hata kidole. Nilivunjika mbavu mbili tu, watu wakasema nina bahati, nikarudi kazini nikijua yameisha.

Hayakuisha. Mtu akinigusa mgongoni moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, nacheka nasema ni joto. Miezi miwili iliyopita, Jumamosi, mke wangu yuko zamu kiwandani, nilikuwa nimechuchumaa jikoni nakaza bomba la sinki, binti yangu wa miaka tisa akaninyatia akanifumba macho kwa viganja, mchezo wake tangu mdogo, na Mungu ni shahidi sikumwona mtoto, sikuona chochote, nilishtukia nimesimama na yeye yuko sakafuni kando ya kabati, ameushika mkono. Ulikuwa umevunjika. Hospitali daktari akauliza imekuwaje, nami nikawahi kusema ameteleza, sakafu ilikuwa na maji. Daktari akamgeukia mtoto. Mtoto akanitazama mimi kwanza, kisha akasema, "Ndiyo, niliteleza." Mama yake aliporudi kutoka zamu, mtoto akamwambia hivyohivyo, bila mimi kumfundisha.

Nilijipeleka zahanati kwa mnasihi, mama mmoja wa makamo, nyumbani nikadai nina shida ya usingizi. Nilidhani atataka nimsimulie habari za ukuta, lakini aliniuliza nahisi nini kifuani, nyayo zangu zinagusa nini, nikaona huu ni utoto. Mara ya tatu akaniambia nisimame nisukume ukuta wa chumba kwa viganja, taratibu, nikasukuma, magoti yakaanza kutetemeka, kisha mapaja, kisha mwili mzima, nikalia hadi makamasi, mtu mzima mimi, mbele ya mwanamke nisiyemjua. Akasema polepole, "Uko hapa. Ule ukuta ulishaanguka. Acha miguu itetemeke." Nikafungua mlango nikaondoka. Wiki ya nne hii, kila Alhamisi naaga naenda kliniki, kumbe nakaa kituo cha mabasi mpaka saa iishe, na mke wangu ananisifu kwamba nimeanza kutulia. Plasta ya mtoto imetolewa. Siku hizi akitaka kupita nyuma yangu, anakohoa kwanza. Nafikiria kuhama nyumba kabla sijamuua. Nifanyeje?

Chuma wa jina tu

*

Chuma, marahaba. Pole kwa ukuta, na pole kwa kuubeba peke yako mwaka mzima. Sasa tulia nikuambie.

Kutetemeka si wazimu wala si udhaifu. Saa zote zile chini ya kifusi mwili wako ulitaka kusukuma na kukimbia, ukashindwa, na mpaka leo bado unajihami. Hofu ya namna hiyo haisikii "jikaze", ndiyo maana mama yule alianzia kwenye nyayo zako. Anajua kazi yake. Wewe umemwaga zege nusu ya nguzo ukaenda nyumbani. Kibarua angekufanyia hivyo, si ungemrudisha kesho yake amalizie?

Basi rudi. Mwambie mnasihi ulikimbia kwa aibu, hutakuwa wa kwanza, na umwombe mwende taratibu zaidi. Ukizidiwa una haki ya kusema tuishie hapa leo.

Kwa mwili kushtuka sikulaumu. Nakulaumu kwa mdomo wako. Mkono ulivunjika kabla hujajitambua, lakini uongo uliutunga ukiwa na akili zako timamu, ukamtwisha mtoto wa miaka tisa siri ya mtu mzima. Umeniandikia mengi kuhusu aibu yako, na kuhusu yeye sentensi chache. Anakohoa ndani ya nyumba ya kwao ili akulinde. Yeye nani anamlinda?

Leo mkeo akirudi zamu, mwambie yote, na kituo cha mabasi pia. Atakasirika, na ana haki, usijitetee. Kuhama kwa kukimbia usihame, lakini mpaka mnasihi aseme uko salama, mtoto asibaki nawe peke yake. Keti mahali unapoona mlango. Wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo, wakuite kwanza ndipo wakusogelee, na uwaeleze kwamba shida ni yako, si yao.

Kisha mketi na binti yenu, wewe na mama yake. Mwambie, "Hukuteleza. Ni mimi niliyekusukuma, na hukufanya kosa lolote." Usimharakishe akusamehe ili wewe upumue. Sema hayo, halafu unyamaze, umwache aseme lake, hata kama ni kwamba anakuogopa.