Mashitaka Yaliyodumu Kuliko Ugomvi

Bukavu, Nyawera
Tarehe 21 Novemba 1999

Mpendwa kaka Zagabe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na maman Lydie na watoto. Magoti yako yanasemaje? Huko Kigoma hakuna milima kama yetu, nadhani yanakushukuru. Sisi tunaamka, na kuamka siku hizi si jambo la kudharau. Risasi zimepungua, sukari imepanda, mvua inabomoa udongo nyuma ya nyumba ya marehemu mama lakini ukuta bado umesimama. Barua hii naipitisha kwa papa Apollinaire wa parokia, maana posta yetu imebaki ukuta na mlango.

Kaka, habari hii nimeichelewesha kwa kukosa moyo. Mdogo wetu Philémon ameondoka nyumbani kwake. Safari hii hakukimbia vita wala hakufuata dhahabu.

Unakumbuka alivyokwenda Mwenga kuchimba, vita vikafunga njia, akamwacha mkewe Ariane na watoto wawili karibu mwaka mzima bila habari wala msaada. Watu waliotoka huko walituambia yuko salama, anakula nyama, ana mwanamke. Ndipo wifi yangu alipompeleka parquet, ofisi ya mwendesha mashitaka, kwa kosa la kutelekeza jamaa. Mimi, dada wa damu wa mshitakiwa, nilimsindikiza, na ningemsindikiza tena leo. Wanaume wa ukoo walinuna. Wanune! Tumbo la mtoto halishibi heshima ya ukoo.

Wakati wa Pasaka Philémon akarudi kwa miguu, amekonda, ana aibu. Alipeleka mbuzi na mitungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa wakwe, akapiga magoti mbele ya papa Mushagalusa, babake Ariane. Mzee alimwacha chini muda mrefu, kisha akasema, "Simama, mukwe. Mbuzi iko nalia kukupita." Tulicheka mpaka machozi. Ariane akanywa kwanza, akampa mumewe kibuyu kile kile, na jioni akarudi kwake. Kwetu jambo likiisha kunywewa kasiksi, limekwisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kupita parquet kusema, jamani, tumepatana.

Mwezi wa sita askari wakamkamata sokoni, chumvi mkononi, kwa mashitaka yale yale ya zamani. Serikali haikumtafuta Mwenga alipokuwa mkosaji. Ilimpata Nyawera alipokuwa mume.

Tulikwenda parquet, mimi, Ariane na mzee. Ariane akaeleza kwamba amesamehe na anaondoa mashitaka yake. Mwendesha mashitaka hakuinua hata kichwa.

"Maman, hii mambo haiko tena ya huyu bibi. Iko ya République."

"République gani?" nikamuuliza. "Ya hapa ya waasi, ao ile ya Kinshasa?"

"Toka, maman, ao nitakufunga na wewe."

Usidhani nimegeuka adui wa sheria. Nimewapigia kelele wale wanaomrudisha jikoni mwanamke aliyevunjwa mkono, na nitawapigia mpaka kaburini. Lakini hapa aliyekosewa alikuwa ametuliza moyo wake mwenyewe, mbele ya watu, bila kulazimishwa. Sheria inayokuja kuitetea nyumba iliyokwisha kupona inatetea nini? Walimshitaki kwa kuacha nyumba, na kwa ajili hiyo wakamtoa nyumbani!

Ariane alimpelekea chakula kila siku. Mwanzoni Philémon alikipokea mwenyewe. Baadaye akawa anamtuma mfungwa mwingine.

Mwezi wa kumi akaja mwendesha mashitaka mpya, akasoma, akafunga faili bila makelele, wanandoa wamepatana, akamwachilia. Tukapika. Philémon akaingia, akakaa bila kuvua viatu. Binti yake Joviale alimvuta mkono, naye akauacha mkono uvutwe kama si wake. Nilimsihi ale.

"Azabu nilisha kula, dada," akasema. "Inabakia kosa tu."

Asubuhi akashuka Kamanyola. Sasa yuko Luberizi, analima mpunga wa watu. Nilimfuata. Aliniletea kiti na maji kama anavyomfanyia mgeni, tukazungumza juu ya mvua.

Kwa hiyo faili limefungwa, kaka, na sasa ndipo kosa lipo kweli.

Kuna wanaomshauri Ariane ashitaki upya, na haki anayo. Nilimuuliza, huku nikitazama pembeni. Alikuwa akimfunga mwanawe mdogo Dany mgongoni.

"Hapana, dada. Nikishitaki, watamushika siku atarudia kwetu."

Nikamsaidia kukaza kitenge cha mtoto.

Wewe ndiwe mkubwa wetu, na wewe peke yako anakuogopa. Mwandikie. Usimhubirie, wala usimtajie sheria, hata yangu. Mwandikie tu jibu hilo la mkewe kama nilivyoliandika hapa, kisha nyamaza.

Nisalimie maman Lydie, na kijana wenu Gérard, umwambie ndevu hazimfanyi mtu kuwa mzee. Papa Mushagalusa anakusalimu. Siku hizi haongei sana. Mungu ailinde nyumba yako huko ugenini, aikumbuke na hii ya Ariane, ambayo jioni bado hawaikomei mlango mapema.

Dada yako akupendaye, hata anapofoka,

Madeleine