Nyundo ya Kaka na Kompyuta Mbili

Mwenzangu, nimempasua kaka mdomo. Usipige simu. Soma tu.

Si unaijua kompyuta yangu, ile niliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande? Leo bibi harusi mmoja amekuja studio kwetu kuangalia video ya harusi yake, kaka anamwambia mbele yangu, "Hiyo ya dada ni sufuria yenye feni. Kazi yako nitaifanyia kwenye laptopu ya maana."

Sufuria! Mbele ya mteja wangu!

Nikamjibu, "Wewe walikuuzia jina, akili hawakukufungashia."

Akanyakua nyundo ya kupigilia misumari ya mapazia. Nyundo, jamani! Akaitandika kompyuta yangu ubavuni mara mbili, kioo cha kasha kikaruka vipande, bibi harusi akatoka mbio akipiga mayowe.

Sijui nini kilinipanda. Nilimpa ngumi ya mdomo, nikampokonya nyundo, nikaitwanga laptopu yake mpaka ikapinda katikati.

Sasa sikia. Yangu nimebadilisha feni, nikaikandamiza memori ikae sawa, ikawaka. Nikacheka kwa sauti makusudi, anisikie.

Yake, fundi wa duka la pili kutoka kwetu ameifungua, akatikisa kichwa. Anasema kila kitu kimegandishwa kwenye bodi moja, na bodi yenyewe imesagika. Hakuna cha kuokoa humo, hata faili moja.

Kaka amekaa sakafuni, damu kidevuni. Hajanitukana hata kidogo. Ameniuliza tu, "Ile video ya mama akituaga hospitali, ulishaihamishia kwako?"

Mwenzangu, sikuihamisha.