Daktari Kasema Nisibebe Ndoo

Newala, Jumatano usiku

Eti moyo wangu umetanuka. Daktari aliponiambia leo nilifurahi kama mjinga, nikamwonyesha miguu. "Tazama, mwanangu, ilivyonenepa kwa kupandisha maji kutoka bondeni. Na moyo nao umekomaa kwa kazi."

"Hapana, bibi. Hiyo miguu imevimba. Moyo ni msuli, ukitanuka hivi unalegea, hausukumi damu vizuri. Ndiyo maana unahema. Usibebe ndoo tena."

Nisibebe ndoo! Ninywe nini, umande? Enzi hizi za ruksa, kila mtu huru kuuza atakacho, maji yanauzwa mpaka mlangoni, lakini tangu niolewe sijanywa maji aliyonitekea mtu. Watasema nimekwisha. Na pengine kweli nime...

Jioni mke wa mwanangu, Mama Zuhura, akaja na ndoo kichwani, jasho linamtiririka. "Mama, maji yako haya."

"Yana tope. Hata kuteka hujui? Na umechelewa."

Akatua ndoo, akaenda zake.

Maji yalikuwa safi. Nimesubiri wote walale, ndipo nikayanywa.