Mkono wa Dada Kwenye Pasi

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisikilize, maana nyumbani nikianza habari hii watu wanabadilisha mazungumzo. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya, nami nikiwemo, kupiga pasi mpaka alipofariki mwaka jana, nikapewa nafasi yake. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, kazini wakimwita Mashoto. Akimaliza kola aliipuliza kidogo kama chai ya moto, kisha akaigonga kwa kiganja, na hata sare zangu za shule alizinyoosha hivyo hivyo, akiniambia, "Sogea huko, mtoto wa mama, nisije nikakunyoosha na wewe."

Sasa mshauri, mafunzo nimeyapanga yote yafanane naye, mimi natumia mkono wa kulia lakini mbele ya wanafunzi nashika pasi kwa kushoto na wao nawaambia wafanye vivyo hivyo, meza zote nimezigeuza, na wakipuliza kola kwa pamoja na kuzigonga nahisi dada yumo humo chumbani, amegeuka tu hajaniona, natamani somo lisiishe. Lakini wanaunguza mashati, wanaungua vidole. Yupo mama mmoja, wenzake wanamwita Bi Harusi kwa sababu hana haraka, aliniambia, "Mwalimu, mkono huu wa kushoto tangu nizaliwe kazi yake ni kubeba mkoba." Wakacheka, nami nikamjibu atazoea. Jumatatu msimamizi anampima, akiunguza shati jingine anarudishwa nyumbani, na wajukuu wanamtegemea yeye. Nikibadilisha mafunzo sitamwona tena dada yangu. Nifanye nini?

Mdogo Mtu

*

Mdogo Mtu, marahaba, na pole sana. Aliyekunyooshea sare hasahauliki, wala sikuambii umsahau. Lakini hapo kazini umekosea, tena umewakosea watu wasiokuwa na hatia. Wale hawakuja kufiwa pamoja nawe, wamekuja kujifunza kazi.

Hebu niambie, dada yako alipokufundisha wewe kupiga pasi, alikulazimisha kutumia kushoto? Mbona umebaki na mkono wako wa kulia? Alikutazama kwanza, ndipo akakufundisha. Huo ndio ualimu aliokuachia. Kupuliza kola kulikuwa kwake mwenyewe.

Rudisha meza zilivyokuwa, na ya mashoto iwepo moja kwa atakayeihitaji. Onyesha jambo moja tu, kola kwa mfano, halafu nyamaza, wafanye wenyewe kwa mashati mabovu, si kwa mashati ya wageni. Mtu akikwama, muulize anaona nini kabla hujamnyang'anya pasi. Wakishaanza kazi, wapitie mezani kwao uone kilichobaki kichwani na kilichopotea. Na siku ya kwanza waambie nani aliyekuwa akifundisha hapo kabla yako. Watauliza habari zake, nawe utawasimulia wakati wa chai mpaka uchoke.

Leo hii nenda kwa msimamizi, mwambie kosa ni la mafunzo, umwombee Bi Harusi muda. Akikataa, kesho wahi kazini wewe na mama huyo. Mpe pasi. Akiihamishia mkono wa kulia, machozi yakikujia yaache yatoke, lakini mkono wake usiuguse.