Kiwanda cha Ngozi cha Baba

Mama yangu mpenzi,

Bujumbura kumenyesha asubuhi, na sasa milima ya Kongo inaonekana wazi ng'ambo ya ziwa. Leo nimekwenda kukiona kiwanda cha ngozi alichofanyia kazi marehemu Baba. Hakipo tena. Udongo uliolowa dawa za kulainishia ngozi umechimbwa ukapelekwa mbali, ukaletwa mwingine, na akina mama wa mtaani wanalima hapo mchicha, wenyewe wanauita lengalenga.

Nimepokewa na Bi Aziza, mjane anayeishi nyuma ya palipokuwa ukuta wa kiwanda. Wafadhili walikubali kugharimia usafishaji iwapo wenyeji wangetangulia kuchanga. Basi yeye akauza cherehani yake, majirani wakamfuata. Amenipikia lengalenga na mukeke, samaki wa ziwani. Niliposita kidogo, alicheka: "Kula, mutoto wangu. Ule udongo mubaya walibeba yote, na huu mupya walipima."

Nilipomtajia jina la Baba, aliweka kijiko chini.

"Ule bwana! Kila jioni alikuwa anapita hapa kwangu kunawa. Mikono, miguu, mpaka kichwa. Alikuwa anasema, 'Siwezi kubeba mutoto na hii dawa.'"

Mtoto huyo ni mimi, Mama. Nawe mpaka leo unamlaumu kwamba alikuwa akichelewa kurudi nyumbani. Nimelia mbele ya sahani. Bi Aziza akanishika mkono, tukamaliza kula pamoja.

Nakukumbatia sana. Mungu akutunze, ulale salama, na magoti yasikusumbue.

Binti yako,
Zuhura